Tusiwalete Mbuzi wa Alps Kwenye Mawe ya Mwanza

Kuna video ambayo haichoki kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ikipotea miezi kadhaa, inarudi na maelezo mapya ya uongo: mara ni Uturuki, mara ni Nepali, mara ni muujiza. Unaona ukuta mkubwa wa mawe, karibu wima, na mbuzi wametapakaa juu yake kana kwamba wako malishoni. Wanapanda, wanashuka, wanageuka. Mmoja anasimama kumngoja mtoto wake. Hakuna anayeteleza.

Ilipoingia tena kwenye simu za watu wa mtaani kwetu nilikuwa kijiweni, pale Mabatini, nikinywa kahawa. Simu ikapita mkono kwa mkono.

"Hawa ni wa kwetu kabisa," akasema kijana mmoja wa bodaboda. "Mwanza ni jiji la mawe, linataka mnyama wa mawe. Serikali iwalete, iwamwage pale Saanane, halafu mwone watalii."

Mzee muuza kahawa hakuinua macho kwenye birika lake. "Na wakishajaa kisiwa kizima, utawachinja wewe?"

"Babu, dola haichinjwi."

Watu wakacheka, na kama kura ingepigwa pale pale kijana angeshinda. Mimi nilikuwa upande wa babu, ila hoja zangu zilikuwa ndefu kuliko kikombe cha kahawa. Ndiyo maana naziandika.

Nianze na ukuta wenyewe, maana hauna uchawi. Ni bwawa la Cingino, kaskazini mwa Italia, juu katika milima ya Alps karibu na mpaka wa Uswisi. Ukuta wake una kimo cha mita 50 hivi, na umejengwa kwa mawe yaliyoachwa yamechomoza kidogo. Wale wanyama ni mbuzi mwitu wa Alps, ambao wataalamu huwaita Capra ibex, na kilichowapandisha pale ni chumvi. Majani ya milima mirefu yana madini haba, na kwenye mawe na saruji ya bwawa lile hutoka chumvichumvi inayojianika juu ya ukuta. Ukiitazama video vizuri utaona vichwa vyao vimeinamia ukuta. Wanalamba.

Utaona pia jambo ambalo watu kijiweni hawakuliona: wengi pale ukutani ni majike na watoto. Madume hawapo. Dume la mbuzi huyu hufikia kilo mia moja na pembe zake hukaribia mita moja, mzigo usiofaa kwa kazi ya ukutani. Lakini hata mbali na bwawa lile, katika majabali ya kawaida, majike ndio hukaa sehemu kali zaidi hasa wakiwa na watoto, kwa sababu mbwa mwitu hafiki huko. Tai anaweza kufika, na ndiyo maana mama hakai mbali. Ninaposikia mtu akisema mbuzi hawa "wanapenda" urefu, huwa najiuliza kama aliwahi kumwona mama aliyekimbilia darini na watoto wake maji ya mafuriko yakipanda. Genge ni mahali ambapo adui mwenye mbio na meno hana faida.

Mguu wenyewe ni wa kustaajabisha. Kwato imegawanyika mara mbili na pande zake hutanuka zikikanyaga. Ukingo wake ni mgumu na huuma mwamba. Katikati kuna nyama laini yenye mpira-mpira inayoshika kama soli ya katambuga mpya. Nyuma, juu kidogo, kuna vikwato viwili vidogo vinavyosaidia kufunga breki wakati wa kushuka. Mwili ni mfupi wa miguu na mzito mbele, na shingo na mabega yana misuli ya kuvuta. Mnyama hapandi kwa kurukaruka ovyo. Hujaribu, hupima, halafu huweka uzito.

Mnyama huyu wa ajabu alibaki kidogo tu atoweke duniani. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki kama mia moja hivi, wote katika mlima mmoja wa Italia unaoitwa Gran Paradiso. Bunduki ilichangia, lakini kilichowamaliza zaidi ni dawa. Watu wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba pembe yake ikisagwa hutibu, damu yake hutibu, na mfupa mdogo unaopatikana ndani ya moyo wake ni hirizi ya kukinga mauti. Nalisema hili kwa makusudi, maana wapo wanaozungumzia imani za dawa za wanyama kana kwamba zilizaliwa Usukumani.

Kilichowaokoa ni tamaa ya mtu mmoja. Mwaka 1856 mfalme Vittorio Emanuele II alilifanya eneo lile kuwa shamba lake la kuwinda, akaweka walinzi ili asiwinde mwingine ila yeye. Wanyama wakaongezeka. Waswisi, ambao kwao walikuwa wamewaua wote, wakaomba wauziwe wachache na wakakataliwa. Basi mwaka 1906 watoto wa mbuzi hao walitoroshwa usiku kupitia milimani na kufikishwa kwenye bustani ya wanyama mjini St. Gallen. Nchi ya mabenki na saa ilinunua mbuzi wa magendo! Mwaka 1911 uzao wao ulianza kuachiwa milimani, na leo Alps yote ina makumi ya maelfu ya mbuzi hao. Wote ni wajukuu wa wale mia moja, na damu yao bado inaonyesha ufinyu huo. Tofauti za kinasaba kati yao ni ndogo sana. Kwenye hoja ya kijana wa bodaboda hili si jambo dogo. Ukichukua wachache kutoka kwa wachache, ukawafungia kisiwani, unaurudia ufinyu ule ule mara ya tatu.

Sasa tushuke hapa mtaani. Upande wa Igogo na Mabatini nyumba zimepandana na mawe, na mbuzi wa kufugwa wanatembea humo asubuhi hadi jioni. Nina jirani, mama mmoja mtu mzima, anafuga wachache nyuma ya nyumba. Saa nne jua likianza kuchoma utawakuta juu ya jabali ambalo mimi nikitaka kulipanda lazima nivue viatu, na hata hivyo sina hakika. Wamekaa wanacheua, wanatutazama. Kila siku wanalamba ukuta wa choo changu pale plasta ilipobanduka. Mama huyo huniambia, "Mwanangu, wanunulie jiwe la chumvi basi, ukuta wako upone." Nimemwahidi zaidi ya mara moja.

Hawa ndio jamaa wa kweli wa wale wa ukutani. Mbuzi wa kufugwa alitokana na mbuzi mwitu mwingine, Capra aegagrus, ambaye mpaka leo anaishi katika majabali ya Uturuki, Iran na nchi za jirani. Alifugwa yapata miaka 10,000 iliyopita, na sehemu mojawapo iliyoacha ushahidi ni Ganj Dareh, katika milima ya Zagros nchini Iran. Ushahidi wenyewe ni mzuri sana kwa mtu aliyekulia karibu na zizi. Mwaka 2000 watafiti Melinda Zeder na Brian Hesse walieleza walichokiona kwenye mifupa ya pale: madume mengi yalichinjwa yakiwa machanga, majike yaliachwa yazeeke. Mwindaji hafanyi hivyo. Mwindaji hulenga dume kubwa, lenye nyama. Anayeua vidume na kuacha majike ni mfugaji anayetaka zizi lijae mwakani. Mama jirani yangu huuza mabeberu yake kabla ya Idi na majike huyagusa kwa shida tu, ada ikikosekana. Kwa mifupa ya nyuma ya nyumba yake, mtafiti wa miaka elfu kumi ijayo angeandika ripoti ile ile.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa anatafuta mbuzi wa mlimani mbali, naye anampigia honi kila asubuhi ampishe njia. Elfu kumi za miaka ya kamba na zizi hazijaufuta mguu ule. Wala jicho. Mboni ya mbuzi imelala kama mstari, na mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walionyesha faida yake: mboni iliyolala humpa mnyama anayewindwa uwanda mpana wa kuona ardhi mbele, pembeni na hata nyuma. Cha kushangaza zaidi, mbuzi akiinamisha kichwa kula, jicho huzunguka ndani ya tundu lake, digrii 50 au zaidi, ili ule mstari ubaki sambamba na ardhi. Jaribu kumtazama siku moja akila maganda ya ndizi. Kichwa kiko chini, mboni iko sawasawa na upeo wa macho.

Narudi kwa Saanane. Kisiwa chenyewe unakiona ukiwa Capri Point, na boti hufika kwa dakika chache tu. Kilipewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi huko, kikafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na humo maji yamehesabiwa. Kuna pimbi juu ya mawe, swala pala kwenye majani, mijusi kafiri wenye vichwa vyekundu na ndege wengi. Uwamwage mbuzi wa Alps hapo? Kwanza watakufa joto. Mbuzi hawa hata kwao, siku za kiangazi zikizidi kuwa kali, hupanda juu zaidi na kupunguza kula mchana. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na Saanane hakuna pa kupanda zaidi.

Halafu mawe si mawe. Yale ya Alps yamevunjika kwa barafu, yana kingo, vipande, nyufa za kukanyaga. Ya kwetu ni matale ya miaka zaidi ya bilioni 2.5, yaliyolika taratibu yakiwa bado chini ya ardhi, maji yakipenya kwenye nyufa na kuzila pembe zake mpaka zikabaki duara. Udongo ulipochukuliwa na mvua, yakabaki yamepandana kama unavyoyaona pale Jiwe la Bismarck. Ni mazuri kwa kupigia picha. Kwa kwato inayotafuta ukingo, ni utelezi mtupu sehemu nyingi.

Tuseme hawakufa. Tuseme badala yao tungeleta mbuzi wowote wagumu, wakastawi. Hapo ndipo swali la babu wa kahawa linapouma. Katika kisiwa cha Pinta, visiwa vya Galápagos vya Ekuador, waliachwa mbuzi watatu mwaka 1959, dume moja na majike mawili. Katika muda usiofika miaka ishirini walikadiriwa kufika 40,000. Walikula kisiwa. Kwenye visiwa jirani vya Santiago na Isabela hali ilikuwa hivyo hivyo, kobe wakubwa wakikosa majani na kivuli, hadi ukaanzishwa mradi mkubwa uliomalizika 2006 baada ya kuua zaidi ya mbuzi 140,000, wengi kwa bunduki kutoka kwenye helikopta. Wale wachache wa mwisho waliojificha walikuwa kazi ngumu zaidi, na hapo ikatumika hila ambayo hunipa baridi kila nikiifikiria. Walikamatwa mbuzi, wakafungwa shingoni kifaa cha redio, wakaachiwa. Mbuzi hawezi kukaa peke yake. Akawatafuta wenzake mpaka akawapata, na mwindaji akafuata redio. Wenzake wakauawa, yeye akaachwa akatafute wengine. Waliwaita mbuzi wa Yuda.

Marekani nako waliwahi kupandikiza mbuzi wa mlimani weupe, wenye manyoya marefu, kwenye milima ya Olympic jimbo la Washington katika miaka ya 1920, ili wawindaji wapate burudani. Milima ile haikuwa na chumvi ya kutosha. Mbuzi wakajifunza kufuata wapanda milima, wakichimba chini mahali watu walipokojoa. Mwaka 2010 mmoja alimuua mtu kwa pembe. Kati ya 2018 na 2020 mbuzi 325 walihamishwa kwa helikopta, wamefumbwa macho na kuning'inizwa kwenye mikanda, kupelekwa milima ya Cascades wanakoishi jamaa zao kiasili. (Hao weupe, kwa taarifa yako, si mbuzi kamili, ni ndugu wa pembeni wa mbuzi. Nitarudi kwenye habari hii ya wasio mbuzi.)

Lakini kwa nini niende Galápagos? Sisi wa ukanda huu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa habari ya mnyama wa kuletwa. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Alitiwa humu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina ambao hawapo popote pengine duniani, walimezwa kwa kasi ambayo wataalamu wa samaki bado wanaizungumzia kwa masikitiko. Aina nyingi hazijaonekana tena. Najua, na sangara huyo huyo alijenga viwanda vya minofu, alisomesha watoto, alijaza malori pale Mwaloni Kirumba. Sisemi mambo ni mepesi. Nasema mtu wa Mwanza akisikia neno "tulete" kuhusu kiumbe chochote, inafaa ashtuke kidogo kuliko mtu wa mji mwingine.

Na wanaohitaji msaada wa haraka kati ya mbuzi mwitu hawako Italia. Afrika tunaye walia, wa milima ya Simien nchini Ethiopia, mwenye manyoya ya hudhurungi na pembe zilizopinda kama upanga, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1969, ikawa urithi wa dunia mwaka 1978, na kwa miaka zaidi ya ishirini ilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Anaishi ukingoni mwa magenge, huku mashamba ya shayiri na mifugo vikimsogelea kutoka juu. Huyo akiisha kule, ameisha.

Nimekataa mengi. Sasa niseme ninachokipendekeza, maana kijana yule hakuwa na kosa katika hamu yake. Mnyama anayetembea juu ya mawe kana kwamba mawe ni kitanda tunaye, na hatuhitaji kumleta. Tumfuate.

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, unapita Magu, unapita Lamadi, na lango la Ndabaka la Serengeti liko hapo hapo kando ya barabara, jirani na ziwa. Watu wengi wakiingia hugeukia nyumbu na simba. Mimi nilikwenda na shemeji yangu na watoto wake, na kwa sababu dereva alikuwa mtu wa kusikiliza tulivuka mpaka Lobo, kaskazini ya mbali, kwenye vilima vya matale vinavyofanana na vya kwetu ila havina nyumba. Watoto walikuwa wamechoka. Mmoja alikuwa anatafuta mtandao. Dereva akazima injini akasema, "Wanangu, tazameni pale juu kabisa. Pale pembeni mwa jiwe lililokatika."

Tulitazama sana. Halafu jiwe likasogeza sikio.

Mbuzi mawe, ambaye wengine humwita ngurunguru, ni mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Begani hafiki sentimita 60, uzito wake ni kilo kumi na kitu. Rangi yake ni ya njano iliyochanganyika na kijivu na madoa madoa, sawasawa na tale lenye ukungu wa miamba. Tuliyemwona alikuwa jike, na sekunde chache baadaye tukaona dume, hatua chache nyuma. Dereva alituambia tusingeweza kumpata mmoja bila mwenzake, na tukakaa tukisubiri atoe kosa. Hakutoa. Jike alipokwenda kushoto kula majani ya kichaka, dume alipanda jiwe lililokuwa juu yake na kusimama. Alipomaliza kula, wakasogea pamoja.

Si mbuzi. Ni swala mdogo, wa ukoo wa kina digidigi na paa kwa sura na ukubwa, ingawa ukoo huo wataalamu wameupanga na kuupangua tangu vipimo vya vinasaba vilipokuja. Waswahili walimwita mbuzi kwa kutazama mahali anaposimama, na Mjerumani Zimmermann, aliyemwandika kisayansi mwaka 1783, alifanya hivyo hivyo kwa Kigiriki. Nawaelewa wote. Mguu wake umefika mahali ambapo hata mbuzi hakufika. Hakanyagi kwa wayo wa kwato. Anasimama juu ya ncha zake, kwato zikiwa nyembamba kama vibomba vilivyosimama wima. Kwa hiyo miguu yote minne huingia kwenye sehemu ndogo ambayo mbuzi wa mama jirani angeitazama na kuacha. Watoto walitaka kumwona akiruka, naye aliruka: akapanda uso wa jiwe kwa mapigo matatu manne ya haraka, kila pigo likigusa mahali ambapo mimi sikuona kitu.

Manyoya yake nayo ni ya ajabu. Ni manene, makavu, na kila unyoya una uwazi ndani. Humkinga na joto la jiwe mchana na baridi usiku, na humpunguzia maumivu anapojigonga. Yameshikilia ngozi kwa ulegevu kiasi kwamba hung'oka kwa urahisi. Huko Afrika Kusini, wakati wa farasi, watu walimwinda mnyama huyu ili wapate manyoya ya kujazia matandiko.

Dereva alipofungua mlango kidogo, tukasikia filimbi. Kali, fupi, kama ya mwamuzi wa mpira. Dume alipiga, jike akajibu, dume akapiga tena, na wote wawili walikuwa wamesimama wazi, wakitutazama usoni. Mtoto mdogo wa shemeji akauliza swali la busara kuliko yote niliyosikia safari ile: "Kama wanaogopa, mbona hawajifichi?" Watafiti Ronald Tilson na Peter Norton waliliandikia swali hilo hilo mwaka 1981. Jibu lao ni kwamba filimbi ile inamlenga adui mwenyewe. Chui anayenyatia ana silaha moja tu, kutoonekana. Akisikia mke na mume wakimpigia filimbi kwa zamu, anajua ameonekana, anajua wako wawili, na anajua wako juu ya jiwe. Mara nyingi hujiendea zake. Sisi tulikuwa chui siku ile, na nakiri ilifanya kazi, shemeji alisema kwa sauti ya chini, "Haya, tumefukuzwa."

Ndoa yao ndiyo iliyowashangaza pia Robin Dunbar na mkewe Patsy, waliowachunguza mbuzi mawe huko huko Simien kwa walia, katika miaka ya 1970. Dunbar baadaye alijulikana duniani kwa hesabu yake kwamba binadamu anaweza kushika uhusiano na watu 150 hivi. Mbuzi mawe wake walishika uhusiano na mmoja. Dume na jike hukaa mita chache tu kati yao karibu muda wote, mwaka baada ya mwaka, mpaka mmoja afe. Si mapenzi ya kwenye nyimbo, nadhani. Mnyama anayekula majani machanga na vikonyo, kichwa kikiwa ndani ya kichaka, hawezi kulinda shingo yake mwenyewe. Lazima mwingine atazame. Dume hutazama zaidi, na jike hula zaidi, hasa akiwa na mimba au ananyonyesha.

Eneo lao ni dogo: penye mvua nzuri hekta nane hivi zinatosha jozi moja, penye ukame hufika karibu hamsini. Mpaka wameuweka kwa vichuguu vya kinyesi na kwa tezi kubwa nyeusi iliyo mbele ya jicho. Mnyama huchukua ncha ya kijiti, akaiingiza taratibu kwenye tezi ile, akaacha tone jeusi la utomvu linalokauka kama lami. Hapo wakaingia kupe. Mwaka 1978, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, watafiti walionyesha kwamba kupe wa aina moja, Ixodes neitzi, huvutwa na harufu ya vijiti vile. Hukusanyika palepale kwenye ncha na kungoja, maana wanajua mwenye nyumba atarudi kuipaka upya, uso kwa uso. Kila uzio una gharama.

Mtoto huzaliwa mmoja, hufichwa kwenye mwanya wa mawe miezi miwili mitatu ya kwanza, na akikaribia mwaka hufukuzwa akatafute kilima chake. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kutoka kilima kimoja hadi kingine lazima ashuke tambarare, na tambarare si nchi yake. Juu ana tai mweusi wa kuogopa, ingawa tai huyo hupenda pimbi zaidi. Chini ana fisi, simbamangu, mbweha, chui, kila mtu. Kwa hesabu ya mwaka 1999 barani Afrika walikadiriwa kuwa 42,000 hivi, kuanzia Eritrea hadi Rasi ya Afrika Kusini, na hawahesabiwi kuwa hatarini. Kinachowalinda zaidi ni kwamba hakuna anayetaka kulima mahali wanapokaa.

Kama utakwenda Lobo, nenda mapema kabla jua halijapanda au baada ya saa kumi jioni, chukua darubini, na usitafute miguuni mwa kilima walipo pimbi. Tafuta kwenye ukingo wa juu, pale jiwe linapokutana na mbingu, umbo lenye masikio mviringo mapana. Angalia pembe kabla hujaamua ni yupi dume: sehemu nyingi za Afrika majike hawana pembe, lakini huku kwetu Afrika Mashariki wapo majike wenye vipembe vifupi vilivyonyooka kama vya waume zao. Ukishampata mmoja, usiondoe darubini. Sogeza taratibu kushoto, halafu kulia, mpaka umpate wa pili.